Mbuga Inakunywa Kwanza

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi: anga jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, upepo hakuna, joto limeanza kabla ya misa. Mvua bado.

Nimeamua kuandika msimu huu wote, mpaka nijue kama nilichagua vizuri au vibaya. Mambo yako hivi. Baba mkwe alifariki mwaka jana. Mwezi wa kumi familia ikagawa malisho yake. Kwa utaratibu wa familia hii, mkubwa ndiye anayegawa na mdogo ndiye anayechagua, ili mkubwa asijipendelee. Shemeji Adrian akapanda mstari wa mikonge katikati. Juu ya mikonge ni mteremko wa udongo mwekundu wenye mchanga. Chini ya mikonge ni bonde la udongo mweusi. Mume wangu Ambrosi aliondoka hapa Iringa akiwa kijana mdogo, akakulia kwa mjomba wake Mbeya na kujifunza uchomeleaji huko. Ng'ombe anawajua kwa kunywa maziwa yao. Akanigeukia mbele ya wote.

"Mama Lea, wewe ndiye mtoto wa wakulima. Chagua."

Mimi ni wa Tukuyu. Kwetu udongo mweusi unachimbwa kwa vidole, na ukisahau fimbo ndani yake, wiki mbili baadaye inachipua. Nikainama bondeni nikachota. Juu ulikuwa mlaini, umevunjikavunjika kama chenga za kahawa. Nikasema, huu.

Shemeji Adrian hakusema neno. Alitazama mikonge yake, akavaa kofia, akaondoka. Mama mkwe ndiye aliyesema: "Haya. Mmechukua mbuga." Nami nikafurahi, maana mbuga kwangu ni uwanda mpana wa nyasi, ile ya kwenye kalenda, yenye twiga na tembo.

Leo nimeshuka bondeni baada ya misa. Udongo umepasuka. Nimeingiza fimbo ndefu kwenye ufa mmoja ikazama yote, nikabaki nimeshika ncha. Nimeitoa taratibu, nikaangalia kama kuna mtu ameniona.

Tuna ng'ombe wakubwa wawili na mtamba mmoja, Tunu, zawadi ya baba yangu tulipohamia huku. Ana mimba yake ya kwanza, anatarajiwa kuzaa mwezi wa pili. Akikosa majani mpaka wakati huo, sijui atazaa nini.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua! Ilianza alasiri, ikapiga bati mpaka tukawa tunasemeshana kwa ishara. Mama mkwe ametoa ndoo zote nje, hata ile iliyotoboka.

Ijumaa, 22 Novemba

Mawingu asubuhi, manyunyu mchana. Mteremko wa Shemeji Adrian umeanza kuwa na rangi, ule ukijani mwepesi unaouona ukiwa mbali na ukisogea unapotea. Bondeni hakuna kitu. Mvua yote ya Jumatano imeingia kwenye nyufa. Nilisimama juu ya ufa nikasikia maji yakitiririka chini huko.

Jumapili, 24 Novemba

Asubuhi ya jua, matone kwenye ukoka.

Nimefunga fito nne kuwa mraba, kama alivyotufundisha mwalimu wa kilimo kidato cha tatu. Nikauweka mteremkoni (nimeomba ruhusa kwa Mama Joyness, mke wa Shemeji), nikakata kwa mundu nyasi zote zilizomo ndani. Nikaushusha bondeni, nikakata. Nimezianika zote jikoni juu ya mafiga kwanza, kwa sababu ukipima nyasi mbichi unapima maji. Jioni nikaenda dukani kwa Yusta, ambaye bado ana mizani ya sahani mbili ya kupimia sukari.

"Kamwene, Mama Lea. Umeniletea nini, mboga?"

"Nyasi. Naomba unipimie. Hizi za juu sahani hii, hizi za bondeni ile."

Akaniangalia kama mtu aliyepotea njia, lakini akaweka. Sahani ya mteremko ilishuka mpaka ikagonga meza. Ya bondeni ilining'inia juu na kibunda changu kidogo kama kiota cha chiriku. Watu waliokuwa barazani wakasogea.

"Sasa ulitegemea nini?" Yusta akasema. "Ile si ni mbuga, dada. Kwani kwenu Mbeya hakuna mbuga?"

"Mbuga ipo hukuhuku Iringa," nikajibu. "Ruaha. Ina tembo."

Wakacheka mpaka mzee Asukile, fundi baiskeli, akashika nguzo. Yusta akafuta machozi kwa kanga.

"Mbuga siyo wanyama, mama. Mbuga ni udongo! Ule mweusi, unaopasuka kiangazi na masika unakuvua viatu. Huku kwetu ndiyo jina lake."

Kumbe wakati ule mama mkwe alikuwa ananitajia jina la udongo, na mimi nikamshukuru.

Nimerudi nyumbani na kibunda changu. Watoto wa barazani wakaniaga: "Kwa heri, Mama Tembo!"

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua ndogo. Ng'ombe wanalia.

Jumapili, 8 Desemba

Asubuhi ukungu, mchana mvua ya saa nzima.

Nimempigia mama yangu Tukuyu. Nikamweleza udongo mweusi usioota. Hakukubali. "Mwanangu, udongo mweusi haujawahi kumnyima mtu chakula. Labda unaufanyia vibaya." Nikamwambia mama, siufanyii kitu, nautazama tu. Akasema basi nisiutazame sana.

Shemeji Adrian alipita jioni akiwa na ng'ombe wake, matumbo yamejaa, wanacheua njiani. Akasimama uani bila kuvua kofia.

"Shemeji, mlete huyo mtamba huku juu. Majani yapo."

"Asante, Shemeji. Tutaona."

"Mtaona nini?"

"Tutaona tu."

Akaenda. Najua nilikosea kujibu vile. Lakini kila nikimtazama naiona ile kofia alivyoivaa siku ya kugawa, na ule ukimya. Nilidhani mtu anayenyamaza hivyo anaficha kicheko. Aligawa akijua. Alitushikisha mbuga.

Kwa sasa nawakatia ng'ombe majani ya migomba na mabua.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimejaza chupa mbili za maji, moja nikatia udongo wa juu, nyingine wa bondeni, nikatikisa, nikaziweka dirishani. Ile ya mteremko ilitulia kabla sijamaliza kuosha vyombo: mchanga chini, maji juu. Ya bondeni ni chai ya maziwa.

Jumatano, 11 Desemba

Ya bondeni bado chai.

Jumamosi, 14 Desemba

Ambrosi amefika kutoka Mlandege, mjini, ambako anachomelea madirisha na mageti siku za kazi. Hakuja peke yake. Alikuja na mtu anaitwa Jailos, mrefu, ana buti za mpira mpya kabisa, anakodi mabonde ya watu analima mpunga. Walizunguka bonde letu wakipiga visigino chini. Walipokuwa wananawa nikawasikiliza.

Jailos anataka kulilima bonde lote kwa trekta baada ya mwaka mpya. Atatupa sehemu ya mavuno. Ambrosi anaona ni sawa.

Nilimngoja Jailos aondoke.

"Baba Lea, likipigwa trekta mizizi ya nyasi inageuzwa juu. Hazirudi mwaka huu wala ujao. Tunu atakula mpunga wa Jailos?"

"Na sasa hivi anakula nini? Migomba. Mama Lea, mimi sikulaumu, mimi ndiye niliyekwambia chagua. Lakini udongo umekataa. Tuuachie wanaojua kuutumia."

"Nipe mpaka Tunu azae."

"Na akizaa hakuna maziwa?"

Kumbe walikuwa wameshakubaliana. Ambrosi amempa Jailos mkono. Tarehe haijapangwa, wanangoja trekta lipatikane.

Mama mkwe alikuwa jikoni muda wote huo akichambua maharage. Aliniambia bila kuinua uso: "Mbuga inakunywa kwanza. Wewe unataka ikupe kabla haijanywa." Nikafikiri ananisuta. Amezoea kunisuta, wiki iliyopita alisema napika ugali kama mtu anayeshona. Nikatoka kwenda kuwakatia ng'ombe migomba.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mvua tangu misa ya usiku hadi sasa. Tumekula wali na kuku. Mama Joyness ametuletea maziwa ya ng'ombe wao, jagi zima, akalifunika kwa kitambaa ili majirani wasijue kwamba sisi hatuna. Nimelitafakari jambo hilo moyoni kwa muda. Yeye si mtu mbaya.

Jumapili, 29 Desemba

Manyunyu. Nimekata tena kwa mraba uleule. Bondeni nyufa zimefunga kabisa, nyasi zimetoka lakini fupi, zina rangi ya njano kama zimeugua, miguu yake iko kwenye maji. Dukani sahani ya mteremko imegonga meza mara ya pili.

"Pole, Mama Tembo," akasema Yusta. Alisema taratibu, hakukuwa na mtu barazani.

Jumatano, 8 Januari

Mvua.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Kwato za ng'ombe wakubwa zina harufu. Nimeziosha kwa maji ya chumvi.

Jumanne, 14 Januari

Naandika kesho yake, Jumatano, kwa kuwa jana sikuwa na mikono ya kushika kalamu.

Asubuhi ya jana ilikuwa kavu, mawingu ya juu. Mabua yaliisha juzi. Nikasema niwapeleke ng'ombe bondeni wachungie pembeni tu, karibu na mikonge, ambako pameinuka. Ng'ombe wakubwa wakatulia. Tunu akaona matete kule mwisho kabisa, karibu na kijito, mabichi, marefu. Akaenda. Nikamwita. Alikwenda tu, tumbo limetangulia, mpaka miguu ya mbele ikazama, akajitikisa kujitoa, ya nyuma nayo ikazama. Akakaa ndani ya tope mpaka tumboni. Hakulia. Aliniangalia tu.

Nilijaribu kumfikia. Kiatu kimoja kikabaki, cha pili nikakiacha mwenyewe. Tope la mbuga si kama tope la kwetu. Linakushika kisigino, ukivuta mguu mmoja mwingine unaingia. Nikarudi nyuma kwa magoti nikapiga kelele.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe, na umri ule, ameshika kanga kwa meno. Wa pili mzee Asukile na fimbo. Akasema tumvute pembe.

"Usivute pembe!" Sauti kutoka juu. Shemeji Adrian alikuwa anateremka mbio na kamba begani, nyuma yake Mama Joyness na vijana wawili wamebeba mabua makavu. "Mzee, unataka kubaki na pembe mkononi? Tafuteni matawi! Mabua, matawi, chochote!"

Akavua viatu, akavua na kofia, nikagundua sijamwona bila kofia tangu siku ya kugawa. Akalala kifudifudi juu ya mabua, akajisogeza hivyo kama mtu anayeogelea, akafika kwa Tunu. Akaanza kuchimba tope kwa mikono kwenye mguu mmoja mmoja na kusukumia matawi chini yake. Kila mguu. Akapitisha kamba nyuma ya mapaja, siyo shingoni. Muda wote alikuwa anaongea na Tunu kwa Kihehe, polepole, mimi sikuelewa lakini Tunu alitulia.

"Sasa! Taratibu! Mzee Asukile, hiyo si harusi, vuta pamoja na wenzako!"

Tulivuta. Hakutoka. Tulivuta tena. Mama mkwe alishika kamba nyuma yangu, nikahisi pumzi yake shingoni, akawa anasema "Yesu, Yesu" kwa kila mvuto. Mara ya tatu tope likatoa mlio kama mtu anayebusu, na Tunu akaja upande upande juu ya mabua, miguu yote imepakwa kama amevaa soksi.

Alikaa chini, anatetemeka. Nikamwekea sikio tumboni. Kitu kikanipiga teke kwenye shavu. Nikaanza kulia, na Mama Joyness akadhani ndama amekufa akaanza kulia pia, ikabidi nimwambie hapana, hapana, yuko hai, amenipiga.

Shemeji Adrian alibaki kule kwenye tope kidogo. Alikuwa amechota donge, analiviringisha katikati ya viganja kama anayefinyanga, analitazama. Halafu akalitupa, akanawa kijitoni.

"Huyu anakuja juu," akasema. Safari hii hakuuliza.

"Ndiyo, Shemeji. Asante."

Nilimpigia Ambrosi jioni. Akasema: "Basi. Trekta limepatikana. Jumatatu linakuja." Sikubishana.

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi mvua kubwa, saa nne ikakatika. Trekta lilifika saa tano, jekundu, dereva mmoja na Jailos amekaa kwenye bawa la juu ya gurudumu. Mama mkwe alitoa kigoda akakaa uani kabisa, kama aliyekata tiketi.

Lilivuka mikonge, likaenda hatua chache, gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka mahali pamoja. Tope likaruka mpaka kwenye kofia ya Jailos. Waliweka mawe, waliweka magunia. Mwisho ng'ombe wa kukokota wa Shemeji Adrian wakalitoa kinyumenyume.

"Nitarudi pakikauka kidogo," Jailos akasema, anafuta buti. Hazikuwa mpya tena.

"Karibu sana, baba," mama mkwe akamjibu. Alipoondoka akaniambia: "Sasa imekunywa."

Safari hii nimemuuliza. Mama, unamaanisha nini? Akashangaa kwamba nauliza. Akasema mchanga wa juu ukipata mvua kidogo unaipa nyasi palepale, hauna mahali pa kuificha, na mvua ikiondoka unabaki mtupu. Mbuga inajaza tumbo lake kwanza, halafu inazidiwa, inaumwa, halafu mvua ikikatika ndiyo inaanza kutoa. "Marehemu mzee wangu alikuwa anasema hivyo kila mwaka mpaka nikachoka kumsikia." Halafu akasema na Tunu atazaa dume, ameona mkao wa tumbo.

Ile chupa ya bondeni iko dirishani. Imeanza kutulia. Chini kuna uji mweusi laini usio na chembe hata moja ninayoweza kuiona kwa macho. Kama ndivyo ulivyo, maji yatapita wapi?

Lakini sitaki kufurahi kabla ya wakati. Nilishafurahi mara moja.

Jumapili, 26 Januari

Jua. Siku ya nne bila mvua.

Alhamisi, 30 Januari

Jua.

Jumapili, 2 Februari

Jua, upepo mkavu kutoka mashariki. Mahindi ya watu yamejikunja saa tano asubuhi. Padri ameombea mvua, na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu "utusikie" kwa sauti ndogo.

Bondeni nyasi zimesimama. Ile njano imeondoka. Nilivua viatu nikapita: juu pakavu, ukibonyeza kidole panaingia, chini kuna ubaridi.

Jumapili, 9 Februari

Jua kali tangu alfajiri.

Nimekata kwa mraba. Mteremkoni mundu ulikwaruza mchanga, nyasi zilikuwa zinavunjika badala ya kukatika. Bondeni nilijaza kanga nzima kutoka kwenye mraba uleule. Nimezianika siku nzima juani, sikutaka mtu aseme ni maji.

Dukani Yusta hakuuliza kitu, aliondoa sukari. Akaweka za juu, akaweka za bondeni. Mizani ikainama upande wangu ikagonga meza, kibunda cha mteremko kikaruka kikaanguka chini.

Wa barazani wakainua shingo. Mzee Asukile akasema, "Haya, tembo wameshuka." Nilicheka nao. Sijui ni mara ya kwanza tangu lini.

Jumatatu, 10 Februari

Jua. Jailos amempigia Ambrosi: pamekauka, trekta ni Alhamisi.

Niliongea na Ambrosi kwa simu mpaka chaji ikakaribia kuisha. Nikamweleza mizani. Alisikiliza, sauti za nyundo nyuma yake. "Mama Lea, nakuamini. Lakini nilimpa mkono. Nikimrudisha mtu mara ya pili nitatembea vipi kijijini kwetu? Nimerudi juzi tu, bado wananiita mgeni."

Ndivyo ilivyo. Nyasi zinafika gotini, na Alhamisi zitalala chini ya jembe.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi jua, wingu moja dogo ambalo halikufika popote.

Shemeji Adrian amekuja. Alikaa barazani, kofia mkononi, akaizungusha mara nyingi.

"Shemeji, nimekuja kuomba. Juu kumeisha. Ng'ombe wangu wanalamba mawe. Nipe nafasi bondeni, hata upande mmoja."

Nilimwambia ukweli: ningempa lote, lakini keshokutwa ni trekta. Akasimama.

"Trekta lile lile? Kwani hakulighairi?"

"Ambrosi alimpa mkono."

Akakaa tena. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Unajua, Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa naitaka hii mbuga."

Nikamwambia sielewi.

"Nilipoweka mikonge. Nilisema Ambrosi hajui ng'ombe, ataona udongo mwekundu, unalimika, unapendeza, uko karibu na njia, atachukua. Mbuga itabaki kwangu. Mzee aliniambia ng'ombe wote wa nyumba hii wanavukishwa Februari na bonde lile. Nikagawa hivyo nikitegemea. Halafu wewe ukainama, ukaingiza mkono kwenye mbuga, tena na tabasamu."

"Nilidhani ni kama ya Tukuyu."

"Nilijua! Ndiyo maana iliniuma zaidi. Mtu anakunyang'anya kitu kwa kukosea!"

"Kwa hiyo siku ile ulinyamaza..."

"Nilikuwa nimenuna, Shemeji. Nilinuna mpaka Krismasi. Mama Joyness alinichoka."

Tulicheka wote wawili mpaka mama mkwe akatokea mlangoni kuuliza nani amekufa. Miezi mitatu nimekuwa naiandika ile kofia kama kofia ya mtu mwenye hila. Hila ilikuwepo, ila ilimshinda mwenyewe.

Halafu akawa mtu wa kazi. "Jailos anataka mpunga, siyo vita. Mwambie Ambrosi hivi: ampe kule mwisho, kwenye matete, Tunu alipozama. Pale ng'ombe hawachungi, sasa pamekauka trekta linapita, mvua ikirudi maji yatasimama, mpunga ndiyo mahali pake. Mkono aliompa unabaki mkono. Na trekta lisipite katikati, lizunguke kwa upande wangu. Namfungulia mikonge."

Nimempigia Ambrosi. Alicheka, kisha akasema, "Kaka yangu kasema hivyo? Kaka yangu aliyenuna?" Akampigia Jailos. Jailos amelalamika sana, kisha amekubali, maana kwa kweli hata yeye ameshaona kule kwingine trekta litazama tena mvua ikirudi.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi jua, na mawingu yamejipanga upande wa Udzungwa.

Trekta limekuja, limezunguka, limelima kipande cha matete, limeondoka. Ambrosi ameomba ruhusa kazini, amefika kuhakikisha. Ng'ombe wa Shemeji Adrian na wetu wameingia bondeni pamoja, na kwa muda hakukuwa na sauti nyingine isipokuwa ya kung'oa majani. Wale ndugu wawili walisimama kwenye mikonge wakakubaliana kwa maneno machache: Novemba mpaka mvua kubwa, wote juu. Mvua ikikatika, wote chini. Mikonge ibaki, anasema Shemeji, kamba za kuvutia ng'ombe tutatoa wapi.

Tunu alijitenga saa nane mchana. Akalala kwenye nyasi nene, akasimama, akalala. Shemeji Adrian alitaka kumsaidia, mama mkwe akamfukuza. Saa kumi alizaa mwenyewe. Ndama alitua kwenye majani ya mbuga, mweusi tiii, masikio makubwa yananing'inia.

"Dume," mama mkwe akasema kabla ya kutazama.

Ambrosi akamwinua ndama mguu. "Jike, mama."

"Basi amejibadili njiani." Akamfuta pua kwa kanga yake mwenyewe, ile nzuri ya Jumapili. "Haya, aitwe nani?"

Mama Joyness aliziba mdomo. Shemeji alitazama kofia yake. Wote walikuwa wananingoja mimi.

"Tembo," nikasema. "Si mlisema mbuga yangu haina."

Nimempigia mama Tukuyu. Nikamweleza ndama, nyasi, yote. Akasema, "Si nilikwambia? Udongo mweusi." Nikamwambia ndiyo, mama, ulisema.

Maziwa ya kwanza ameachiwa Tembo. Jagi la Mama Joyness nimelirudisha na kitambaa chake, kikiwa kimefuliwa. Nje kunanukia mvua, mteremko utapona. Ambrosi tayari anakoroma. Ni saa mbili na robo usiku. Nalala.